Mwenye usonji naye ana kiti katika maktaba

Msomaji, ukipita katikati ya mji wa Kisii siku ya kazi utakutana na kelele za kila aina. Manamba wanaita abiria wa Keroka, Nyamira na Migori. Matatu zinapiga honi, wachuuzi wanatangaza ndizi na parachichi, na redio za madukani zinashindana. Wewe umezoea. Unazisikia kelele hizo na kuziacha zipite bila hata kufikiri.

Lakini wako watu ambao hawawezi kuziacha zipite. Kwao kila honi inaingia masikioni kwa nguvu ile ile kama sauti ya mama anayewaita kwa jina. Wengi wa watu hao wana hali iitwayo usonji. Katika mji wa namna hii, mahali pa umma panapoweza kuwafaa, palipo na utulivu na pasipodai kiingilio cha hoteli, ni maktaba.

La kusikitisha ni kwamba huko hawaendi. Maktaba inadai kimya, na mtoto mwenye usonji huenda akaguna, akaimba neno moja mara hamsini au akapunga mikono anapofurahi. Mzazi anaogopa kukodolewa macho, na zaidi anaogopa kuambiwa atoke. Basi mtoto anabaki nyumbani, pengine mlango umefungwa, na miaka inapita. Makala haya yanakueleza usonji ni nini na mambo ambayo maktaba, mzazi na wewe msomaji wa kawaida mnaweza kufanya ili mtu huyu apate kiti chake.

USONJI NI NINI?

Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo ambayo huanza mapema sana, kabla hata ya mtoto kuzaliwa. Huonekana katika jinsi mtu anavyowasiliana na wenzake, katika kupenda kurudia mambo yale yale, na katika jinsi anavyopokea sauti, mwanga, harufu na mguso. Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliieleza hali hii mwaka 1943 baada ya kuwachunguza watoto 11.

Watu wenye usonji hawafanani. Mmoja hasemi kabisa. Mwingine anasema vizuri na anajua kila njia ya matatu ya Gusii, lakini hawezi kuelewa mzaha. Wako wanaohitaji msaada wa kula na kuvaa, na wako waliomaliza chuo kikuu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Kaunti ya Nyamira. Ukipiga hesabu kwa makadirio hayo, utapata watu wapatao 14,700 katika kaunti hizi mbili. Jiulize umewaona wangapi maktabani, kanisani au sokoni.

Chanzo kikubwa kinahusiana na jeni, yaani maumbile tunayorithi. Si laana, si kurogwa, na si kosa la mama. Wakati mmoja hata wasomi waliwalaumu akina mama. Mwaka 1967 Bruno Bettelheim alichapisha kitabu Marekani kilichodai kuwa ubaridi wa mzazi ndio uliomfanya mtoto ajifungie ndani yake. Dai hilo lilipingwa na utafiti na limetupwa. Vivyo hivyo, makala ya mwaka 1998 yaliyohusisha usonji na chanjo ya surua yalifutwa mwaka 2010 na jarida la Lancet lililoyachapisha. Kwa hiyo mpeleke mtoto wako apate chanjo bila hofu.

Dalili za kuangalia ni hizi: mtoto wa mwaka mmoja asiyeitika jina lake, wa mwaka mmoja na nusu asiyekuonyesha kitu kwa kidole, wa miaka miwili asiyeunganisha maneno mawili, na mtoto wa umri wowote anayepoteza maneno aliyokuwa nayo. Ukiziona, usingoje akue. Mpeleke hospitalini achunguzwe, pamoja na masikio yake, kwani mtoto asiyesikia naye haitiki.

MACHO YASIKUDANGANYE

Vitabu vingi vya kigeni husema kwamba mwenye usonji hutambulikana kwa kutomtazama mtu machoni. Katika nchi ya Gusii alama hiyo inahitaji uangalifu. Robert na Sarah LeVine pamoja na wenzao, waliochunguza malezi ya watoto wa Wagusii katika miaka ya 1970, walieleza katika kitabu chao cha mwaka 1994 kwamba mama wa Kigusii humbeba na kumtuliza mtoto wake kwa bidii, lakini hakazi macho kwake wala hamsemeshi sana kama mama wa Marekani afanyavyo. Na mtoto anapokua hufundishwa chinsoni, yaani haya na adabu mbele ya wakubwa, ambayo ni pamoja na kutomkodolea mzee macho.

Kwa hiyo mtoto anayeinamisha uso mbele ya mhudumu wa maktaba huenda ana adabu tu. Na mtoto mwenye usonji asiyekutazama hakukosei heshima. Wengine husikia vizuri zaidi wasipokutazama, kwa sababu uso wa mtu una mambo mengi yanayosogea kwa wakati mmoja. Usimshike kidevu umgeuze. Zungumza naye anakotazama.

KWA NINI MAKTABA?

Huenda ukauliza, mtoto asiyesoma ana haja gani na maktaba?

Kwanza, maktaba ina utaratibu. Maktaba nyingi za umma hupanga vitabu kwa mfumo wa namba uliobuniwa na Melvil Dewey wa Marekani mwaka 1876. Vitabu vya wanyama viko 590, vya reli viko 385, na vitakuwa hapo leo, kesho na mwaka ujao. Kwa mtu anayepata wasiwasi mambo yanapobadilika, hiyo ni faraja kubwa. Watu wengi wenye usonji pia wana jambo moja wanalolipenda kupita yote, iwe ni ndege, magari, nyota au ramani. Shuleni jambo hilo huitwa usumbufu. Maktabani lina rafu yake.

Pili, vitabu vya picha ni njia ya mawasiliano. Mtoto asiyetamka neno anaweza kuonyesha picha ya maji anapokuwa na kiu.

Tatu, ni mahali ambapo mzazi naye anapata kuketi na kusoma kuhusu hali ya mtoto wake. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mama aliyefungiwa nyumbani na mtoto kwa miaka saba anahitaji kukutana na mwenzake anayejua kunguni hao.

Mjini Kisii ipo maktaba ya umma iliyoanzishwa chini ya Huduma ya Maktaba za Kitaifa (KNLS), chombo kilichoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1965. Kama zilivyo nyingi nchini, maktaba za umma hujaa wanafunzi wanaotafuta meza na kimya cha kujiandalia mitihani. Hilo ni jema. Hata hivyo, maktaba ya umma haikuwekwa kwa ajili ya watahiniwa peke yao.

YANAYOMSUMBUA MLANGONI

Tuanze mlangoni, kwa sababu hapo ndipo safari nyingi hukatizwa.

Mtu wa kwanza ambaye mgeni hukutana naye si mhudumu wa vitabu bali ni askari wa lango. Askari huyo anataka kumpapasa mwilini na kuchukua begi lake liachwe kaunta. Kwa mtu ambaye mguso wa ghafla unamuuma kama moto, kupapasa huko kunatosha kumfanya apige mayowe. Na ndani ya begi huenda mna kitambaa au mdoli anaomtuliza. Kijana mkubwa mwenye usonji yuko katika hatari zaidi. Akikosa kujibu maswali, au akirudia maneno ya askari badala ya kuyajibu, huonekana mlevi au mwizi.

Kwa hiyo mafunzo yaanze na askari. Amweleze mtu kabla ya kumgusa. Amruhusu mzazi afungue begi yeye mwenyewe. Amwache mtoto aingie na kitu chake kimoja. Asidai salamu ya mkono. Kwetu ni heshima kubwa, lakini mwenye usonji akikupungia mkono ameshakusalimu.

Ndani, angalia mambo matatu. La kwanza ni mwanga. Taa za tyubu zilizochakaa humemeta na kunguruma. Wewe huoni wala husikii, yeye anaona na kusikia. Tyubu iliyochoka ibadilishwe, na meza moja iwekwe karibu na dirisha ambapo taa inaweza kuzimwa.

La pili ni sauti. Kiti kinachoburutwa sakafuni, simu inayolia, mlango unaobamizwa. Vipande vya mpira chini ya miguu ya viti hupunguza kelele kwa gharama ndogo. Kisii na Nyamira ni nchi ya mvua, nayo hupenda kunyesha alasiri, mara nyingine kwa ngurumo. Chini ya paa la mabati mvua hiyo ni ngoma. Maktaba ikiweza kuwa na vifuniko vya masikio vya kuazima, hata jozi mbili, itasaidia.

La tatu ni kujua mtu yuko wapi. Weka alama za picha: choo, maji, vitabu vya watoto, mahali pa kupumzika, njia ya kutokea. Chora kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila. Alama hizo zitamsaidia pia nyanya asiyesoma Kiingereza aliyemleta mjukuu wake.

Kisha tenga kona moja yenye mkeka, mito miwili na pazia, mbali na mlango unaoelekea barabarani, kwani baadhi ya watoto hawa hutoroka mbio bila kuangalia magari. Katika kona hiyo pawe na vitu vya kushika. Vipande vya jiwe la sabuni kutoka Tabaka, vilivyosuguliwa vikawa laini, vinafaa sana mkononi. Viwe vikubwa kuliko ngumi ya mtoto ili visimezwe.

SAA INAYOFAA

Maktaba kadhaa za nchi za nje zimeanza kwa kutenga saa tulivu. Nchini Marekani, maktaba mbili za miji jirani ya Scotch Plains na Fanwood, jimboni New Jersey, zilitayarisha mwaka 2008 mafunzo ya video kwa wafanyakazi wa maktaba kuhusu kuwapokea wasomaji wenye usonji.

Hapa kwetu, saa nzuri ni asubuhi ya siku ya shule, tuseme kuanzia saa tatu hadi saa tano. Wanafunzi wako darasani na mvua ya alasiri bado haijaja. Siku za likizo na majuma ya mitihani ya kitaifa hazifai kwa kuanzia. Iwe siku ile ile na saa ile ile kila juma, kwa sababu ratiba inayoyumba ni mbaya kuliko kukosa ratiba. Mlangoni pabandikwe tangazo fupi: saa hii kuna wasomaji wanaoweza kutoa sauti, karibu.

Lakini saa hiyo isigeuzwe kuwa kifungo. Mwenye usonji ana haki ya kuja saa nyingine yoyote kama wewe.

MHUDUMU AFANYE NINI?

Tumia maneno machache na ya moja kwa moja. Sema "Kitabu kinarudi Ijumaa," usiseme "Usije ukakila kitabu chetu," kwa maana huenda akachukua maneno yako jinsi yalivyo.

Ukishauliza swali, nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Ukirudia swali kwa maneno mengine kabla hajajibu, umemlazimisha aanze upya. Haraka haraka haina baraka.

Uliza anaelewa lugha gani. Wapo watoto wanaosikia Ekegusii tu nyumbani, na wapo waliojifunza Kiingereza kutoka katuni za televisheni wakakataa lugha nyingine zote.

Akitaka kitabu kile kile kila juma kwa miezi sita, mpe. Akipanga vitabu kwa rangi juu ya meza, mwache amalize. Akiyumba mbele na nyuma, hadhuru mtu, ndivyo anavyojituliza.

KABLA YA KUTOKA NYUMBANI

Mzazi, usimpeleke mtoto kwa ghafla. Mwalimu Carol Gray wa Marekani alianzisha, mapema katika miaka ya 1990, njia ya kumwandalia mtoto hadithi fupi inayoeleza jambo litakalotokea. Unaweza kuandika yako kwenye daftari, ukachora picha au ukabandika za simu ulizochapisha:

"Leo nitaenda maktaba na mama. Tutapanda matatu. Mlangoni kuna askari. Ndani watu wanasoma kimya. Nitachagua kitabu kimoja. Nikichoka nitampa mama kadi nyekundu. Tutatoka nje kidogo. Kisha tutarudi nyumbani."

Msomee kila jioni kwa juma zima. Safari ya kwanza fika mlangoni tu, mrudi. Ya pili ingieni dakika tano. Ondokeni angali anafurahi, ili siku nyingine akumbuke furaha hiyo. Mpe chakula kabla ya kutoka, mpitishe chooni, na kama njia ya stendi ina kelele mno, shukeni kituo kimoja kabla mtembee.

AKILEMEWA

Siku moja atalemewa. Atalia, atajitupa chini, ataziba masikio au atajipiga kichwa. Hiyo si deko ya mtoto anayetaka peremende. Mtoto anayedeka hukutazama aone kama umekubali, na hunyamaza akipewa alichotaka. Aliyelemewa hawezi kunyamaza kwa amri, kwa sababu ubongo wake umepokea kupita kiasi.

Ukiwa mhudumu, zima taa iliyo karibu, waondoe watazamaji, sogeza kiti au meza inayoweza kumuumiza. Mtu mmoja tu azungumze naye, kwa sauti ya chini, na wengine wanyamaze. Usimkamate isipokuwa anakimbilia hatarini. Muulize mzazi, "Nikusaidie nini?"

Ukiwa msomaji uliyeketi meza ya pili, una kazi moja: rudisha macho kwenye kitabu chako. Usitoe simu kupiga picha. Usimwambie mama huyo ampeleke mtoto akaombewe. Wazazi wengi hawarudi mahali walipoaibishwa, na kwa hiyo dakika hizo tano ndizo huamua kama mtoto yule ataiona maktaba tena.

Mtoto akikakamaa mwili au akipoteza fahamu, hilo ni jambo jingine. Kifafa huwapata watu wenye usonji zaidi kuliko wengine. Mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, na mpelekeni hospitalini.

WATU WAZIMA WASISAHAULIWE

Usonji haukomi mtu akifika miaka 18. Mtu mzima mwenye usonji hataki kusomewa hadithi ya sungura, isipokuwa mwenyewe ameipenda. Anataka gazeti, vitabu vya fani yake na kiti ambacho hakitachukuliwa na mwingine kila juma. Mpe kadi ya uanachama kwa jina lake mwenyewe. Zungumza naye, usizungumze na dada yake aliyemsindikiza kana kwamba yeye hayupo.

Wapo pia wanaoweza kufanya kazi hapo. Kurudisha vitabu kwenye rafu kwa namba zake, bila kosa na bila kuchoka, ni kazi ambayo baadhi ya watu wenye usonji huifanya kwa furaha. Si wote, wala usidhani kila mmoja ni bingwa wa hesabu. Muulize anachopenda.

SHERIA INASEMA NINI?

Jambo hili si la hisani. Kifungu cha 54 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, na ya kufika mahali pote na kupata habari kwa kadiri inavyofaa. Katiba hiyo hiyo, katika Ratiba ya Nne, inaweka maktaba miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Basi anayepaswa kuulizwa kuhusu tyubu inayomemeta na kona yenye mkeka ni serikali ya Kaunti ya Kisii, au ya Nyamira kwa upande wako. Bajeti ya kaunti haipitishwi bila wananchi kuhusishwa. Wazazi watano wakienda kwenye kikao cha wadi na ombi moja lililoandikwa, litaingia katika kumbukumbu.

Kwa uchunguzi wa mtoto, anzia Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii au hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Nyamira. Kwa mambo ya shule, uliza afisi ya elimu kuhusu kituo cha uchunguzi na nyenzo za elimu (EARC), mpango ulioanzishwa nchini mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark. Mtoto anaweza pia kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Jihadhari na anayekuuzia dawa ya kuponya usonji, iwe ya chupa au ya mitishamba. Dawa hiyo haipo. Kinachosaidia ni mafunzo ya mawasiliano yanayoanza mapema, uvumilivu, na mahali pa kwenda.

Juma hili, msomaji, ukipita karibu na maktaba yako, ingia umuulize mhudumu maswali matatu. Asubuhi gani pana watu wachache? Mtoto akitoa sauti, mtafanya nini? Na kona ya watoto ina mkeka? Ukipata majibu mazuri, mpelekee yule jirani ambaye mtoto wake haonekani nje. Mwambie siku, mwambie saa, na ukiweza, mwambie kwamba mtaenda pamoja.